Kwa Nini Magunia Hufunguliwa Kwenye Jamvi

Nilifika Voi nikiwa nimelala juu ya ndizi. Lori lilitoka Bomeni, kule Taveta, na tanboi, yule msaidizi wa dereva, aliniruhusu kupanda nyuma kwa sharti kwamba nisile hata moja. Nilikula mbili. Kabla ya Bomeni nilikuwa Loitokitok kwenye vitunguu, kabla ya Loitokitok nilikuwa Naivasha kwenye maua, na kabla ya Naivasha nilikuwa nyumbani Bungoma, nimemaliza kidato cha nne, nangoja barua ambayo haikuja. Kuna watu huhama kwa sababu wamefukuzwa, na wengine kwa sababu wameitwa mahali pazuri zaidi. Mimi nilikuwa nahama mara tu watu walipoanza kuniita kwa jina.

Katika mizunguko hiyo yote sikuwahi kuacha nywele zangu mahali. Nyanya aliyenilea alinifundisha kwamba mtu akiokota nywele zako anaweza kukufanyia lolote, hata ukiwa mbali. Kwa hivyo kila nikinyolewa niliomba zile zangu, nikazifunga kwenye karatasi, nikazichoma kwa kiberiti nyuma ya choo. Nilikuwa nimesoma baiolojia miaka minne na bado natembea na kiberiti. Hilo mlikumbuke.

Nawaandikia ninyi wanne mnaobaki shambani. Wiki iliyopita nilimsikia mmoja wenu akimweleza mgeni kwamba kila gunia linalofika humwagwa kwenye jamvi pale getini "kwa sababu za usafi." Si kweli. Tena Bibi Zuhura akisikia mnasema hivyo atakasirika, na Bibi Zuhura akikasirika hatuna shamba. Barua ya kustaafu sina. Magoti yangu ndiyo yaliyostaafu, mimi nimeyafuata tu. Lakini kabla sijaenda heri mjue lile jamvi lilitoka wapi.

Lori lilipakuliwa sokoni. Nilipokuwa nashuka nilimwona mwanamke mmoja mrefu, amejifunga leso kiunoni, anakusanya majani ya ndizi yaliyochanika na ndizi zilizopondeka. Alikuwa akibishana na tanboi kuhusu majani ambayo tanboi mwenyewe alitaka kuyatupa. Kisha akanitazama mimi.

"Ni wewe umekula zile mbili?"

"Zipi?"

"Kwenye ule mkungu wa juu. Maganda uko nayo?"

Nilikuwa nimeyatupa barabarani baada ya Mwatate. Alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba. "Basi umetupa chakula," akasema. "Kama una mikono na huna pa kwenda, nifuate. Kama ni mwizi, nifuate pia. Kufikia jioni nitakuwa nimejua."

Huyo ndiye Mama Wakesho. Ninyi mmemkuta amepoa.

Ploti ilikuwa ileile, nyuma ya nyumba ya Bibi Zuhura, upande wa reli ya zamani. Siku zile hapakuwa na tangi wala kivuli cha mabati. Palikuwa na magunia arobaini hivi yaliyosimama wima, kila moja lina nguzo ya kokoto katikati, na mboga zimechomoza ubavuni. Palikuwa na matuta sita, shimo la mbolea lililofunikwa kwa mabati chakavu, na Bibi Zuhura mwenyewe kwenye kiti cha plastiki chini ya dirisha lake. Kiwanja kilikuwa chake. Alikuwa amemwazima Mama Wakesho bila karatasi yoyote, kwa neno moja alilolirudia kila mvua zilipokaribia: "Msimu huu tu."

"Huyu nani?" Bibi aliuliza siku hiyo.

"Mfanyakazi, Bibi."

"Ametoka wapi?"

"Kwenye ndizi."

"Mtu hatoki kwenye ndizi," Bibi akasema. "Mtu ana kwao."

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuchambua taka za hoteli tatu za hapo mjini, ndoo kwa ndoo. Maganda ya viazi upande huu, mifupa upande ule, ndimu kidogo sana, chochote chenye mafuta kirudi kilikotoka. Kwenye ndoo ya pili nilipata kijiko kizuri, kizito, cha chuma kisichoshika kutu. Nilikitazama. Nilikisafisha kwenye suruali. Nitasema ukweli, kilikaa mfukoni mwangu kwa muda wa ndoo nzima. Kisha nikampelekea Mama Wakesho, nikamwambia awarudishie wenye hoteli. Alikipokea, akakipangusa, akakitia ndani ya leso.

Miezi mingi baadaye nilikiona jikoni kwake akikorogea chai. Kilikuwa chake. Alikuwa anakitia kwenye ndoo kila alipokuja mfanyakazi mpya. Nyote wanne mmepitia kijiko hicho, na nyote mlikirudisha, la sivyo mngekuwa mnasoma barua ya mtu mwingine mahali pengine. Sijui nani kati yenu alikikalisha mfukoni.

Mama Wakesho hakumwamini mtu. Jembe lake lilikuwa na alama tatu za kisu kwenye mpini. Mitungi ya plastiki ya maji ilipangwa vifuniko vyote vikitazama mlima. Kwenye mabati yaliyofunika shimo la mbolea alikuwa akipitisha uzi wa mkonge, mwembamba usioonekana ila ukiinama, ameufunga fundo kwenye kijiti. Ukifunua mabati, uzi unakatika au fundo linafunguka. Nilipomuuliza uzi ni wa nini alisema ni wa kuzuia kuku. Nilimwambia kuku hawawezi kuinua mabati. Akasema, "Ndio hao ninaowazungumzia."

Lakini alinifundisha kazi, na alinifundisha vizuri. Alinipa nondo ya urefu wa mkono, akaniambia niichomeke katikati ya lundo, niiache mpaka nimalize kunyweshea, kisha niichomoe na kuishika. Ikiwa baridi, lundo limelala, lipindue. Ikiwa ya moto wa kushikika, acha. Ikikuunguza, ongeza majani makavu na maji. Sijawahi kuona kipimo kingine kisichojua kusema uongo kama hicho. Alinifundisha pia kuonja maji ya kisima kabla ya kumwagia miche, kwa sababu chumvi ya hapa Voi huja na kuondoka, na udongo ukianza kuwa na utando mweupe juu ujue umechelewa. Mchicha, kunde, mnavu na mgagani ndizo mboga zake. Sukuma wiki aliipanda kwa sababu watu waliitaka, lakini akiitazama alikuwa kama mtu anayemlisha mtoto wa jirani.

Jumamosi palikuwa na darasa. Kina mama walikuja na magunia yao matupu, wakaketi juu ya mitungi, naye akaanza na swali lilelile: "Jana usiku mlikula nini?" Wengi walidanganya. Walitaja nyama. Yeye alingoja mpaka mmoja aseme kweli, kwamba ni ugali na maji ya chumvi, halafu akamshika huyo mkono na kumwonyesha gunia moja linavyoweza kulisha nyumba yake mboga mwaka mzima bila dawa ya dukani. Mghoi, aliyekuwa akiuza mboga sokoni, alikuja kila Jumamosi akisema amekuja kupeleleza. Kulikuwa na maneno mjini kwamba mboga zetu zinanyweshewa maji machafu ya mtaro, na Mghoi ndiye aliyetuletea maneno hayo, kila wiki yakiwa mapya.

"Dada, leo wamesema ni maji ya hospitali."

"Na wewe umewajibu nini?"

"Nimewaambia sijui, ndiyo maana nauza za Bura."

Mama Wakesho alikuwa akimjibu kwa kuchuma jani la mchicha na kulitafuna bichi mbele yake mpaka likaisha. Bibi Zuhura alitazama yote hayo kutoka dirishani. Sisi tulijua kwamba siku neno moja la mtaani litakapomfikia na kumuuma, "msimu huu tu" litakuwa limefika mwisho wake.

Mwaka wangu wa pili mvua hazikuja. Wafugaji walihamisha mbuzi, na samadi ikaenda nao. Lundo letu likapoa. Nondo niliichomoa asubuhi baada ya asubuhi ikiwa baridi kama imetoka dukani. Mnavu ukageuka manjano, kuanzia majani ya chini. Kina mama wa Jumamosi walianza kupungua, maana nani atakuja kufundishwa na mtu ambaye mboga zake zinaugua?

Nikakumbuka mzee mmoja wa Loitokitok aliyekuwa akifukia nywele chini ya miche ya maboga. Maboga yake yalikuwa makubwa hadi anayakalia. Nilimwendea Kombo, kinyozi mwenye kibanda karibu na soko. Kombo alikuwa na taabu yake mwenyewe: kinyozi wa heshima huchoma nywele za wateja wake kila jioni, lakini muuza nguo wa jirani alikuwa amelalamika kuhusu harufu, na nywele zilikuwa zimejaa gunia nyuma ya kibanda.

"Utazipeleka wapi?" akaniuliza.

"Mbali."

"Zitachomwa?"

"Zitaisha."

Akalisukuma gunia kwangu kwa mguu. "Usiseme umezitoa kwangu."

"Na wewe usiseme umenipa."

Hivyo ndivyo mimi, mtu anayechoma nywele zake nyuma ya choo, nilivyobeba nywele za mji mzima mgongoni. Sikumwambia Mama Wakesho. Nilijiambia ningemwambia zikifanya kazi. Adhuhuri, akiwa amekwenda hotelini kuchukua ndoo na Bibi akiwa anaswali, nilifungua fundo la uzi wa mkonge, nikafunua mabati, nikatandaza nywele nyembamba nyembamba katikati ya majani, nikamwagia maji, nikafunika na kufunga fundo tena. Nilifanya hivyo kila wiki kwa miezi miwili. Nondo ikapata moto. Mnavu ukarudi rangi ya kijani iliyokoza, na Mghoi akaja akasema mjini wanasema tunatumia dawa ya ng'ambo.

Sasa nieleze jambo ambalo wakati huo sikulijua. Bibi Zuhura alikuwa amepata mjukuu wa kwanza wa kiume. Mtoto alipofika siku arobaini, Kombo aliitwa kumnyoa. Nywele zile za kwanza hazitupwi. Bibi alizifunga kwenye kitambaa cha kijani alichokishona ukingo kwa mkono wake mwenyewe, akamwachia Kombo azitunze mpaka alasiri zikazikwe mahali pasipokanyagwa. Kombo akakiweka kitambaa juu ya rafu, karibu na mafuta ya mashine. Alasiri ilipofika hakikuwepo. Aliogopa kusema. Akamwambia Bibi kwamba amekizika mwenyewe, kando ya ukuta wa msikiti, na Bibi akamshukuru na kumpa sahani ya biriani.

Kitambaa kilikuwa kimeanguka ndani ya gunia. Na gunia nilikuwa nimelimwaga mimi, haraka haraka, bila kutazama, nikisikiliza kama Bibi amemaliza rakaa zake.

Jumamosi ile darasa lilikuwa limejaa tena. Bibi mwenyewe alikuwa ametoka nje na kiti chake, kwa kuwa mkwewe naye alitaka kujifunza magunia. Mama Wakesho alifunua mabati, akatia mkono ndani ya mbolea iliyoiva mpaka kwenye kiwiko. Alipenda kufanya hivyo, kuwaonyesha kwamba haina uchafu, kwamba inanuka mvua.

Mkono ulitoka na mbolea nyeusi, na kishungi cha nywele, na kitambaa cha kijani kimefungwa fundo.

Mghoi ndiye aliyekuwa karibu. "Dada," akasema polepole, "hizo ni nini?"

Bibi Zuhura alisimama. Sikuwahi kumwona akisimama bila kushika ukuta. Alikwenda akakichukua kitambaa, akakifungua kwa kucha, akatazama ndani, akakifunga.

"Hiki kilizikwa," akasema. "Kilizikwa msikitini. Nani amekifukua?"

"Bibi, naapa sijui…"

"Nimekupa kiwanja. Nimekupa maji ya kisima changu. Ukanifukulia mjukuu wangu umtie kwenye shimo la taka, ili iweje? Ili afe, nife, kiwanja kiwe chako?" Sauti yake haikupanda. Ndiyo iliyotutisha. "Jumatatu nataka kiwanja changu kitupu."

Kina mama waliondoka wakiwa wameshika vichwa vyao, kila mmoja akipapasa nywele zake kama anayehesabu zilizobaki. Mama Wakesho alibaki amesimama na mkono mweusi. Kisha akaanza kusema, si kwangu, kwa hewa: "Ni Mghoi. Ni Mghoi amekiweka. Anataka wateja wangu." Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Ningeweza kusema. Nilichukua mtungi nikaenda kuteka maji ambayo hayakuhitajika.

Jumapili jioni nilifanya nilichokuwa nimezoea kufanya. Nilifunga begi langu, nikatoka barabarani, nikapanda lori la simenti lililokuwa likienda Mombasa. Liliniacha Maungu, kwa kuwa dereva alitaka kulala. Niliingia kwenye kibanda kimoja cha chakula kando ya malori, nikaagiza ugali na mnavu. Sijui kwa nini niliagiza mnavu.

"Kula bila wasiwasi," mama wa chakula akaniambia. "Hizi si za Voi."

"Za Voi zina nini?"

"Hujasikia? Kuna mama huko anapanda nywele za watoto. Mboga zake ukizikata zinalia."

"Zinalia vipi?" akauliza dereva mmoja.

"Zinalia kama mtoto, wewe!"

"Mimi nimeambiwa zinaita jina," akasema mwingine. "Jina la mwenye nywele."

"Na huyo mama hawajamchoma?"

"Inasemekana ni kesho."

Walicheka, lakini si wote. Mama wa chakula akanigeukia. "Wewe unatoka wapi?"

"Taveta," nikasema.

Nilikuwa nimetoka Voi saa mbili zilizopita, na habari ilikuwa imefika Maungu kabla yangu, tena imeota mikono na miguu njiani. Nilitazama sahani yangu. Nilifikiri kwamba nikifika Mombasa nitaikuta, na nikienda mbali zaidi nitaikuta, na kila nitakapoulizwa ninatoka wapi nitasema Taveta. Nililala juu ya mifuko mitupu nyuma ya kile kibanda, na alfajiri nikapanda lori la kwanza lililokuwa linarudi juu, upande wa Voi.

Nilipofika kwenye ploti Mama Wakesho alikuwa akifunga majembe kwa kamba. Nusu ya magunia yalikuwa yamelazwa. Mghoi alikuwa pale, ameshika kiuno.

"Mimi nikikuchukia, dada, nitakutilia chumvi kwenye mboga. Nywele za nini? Mimi hata zangu ni za dukani!"

Bibi alikuwa kwenye kiti chake chini ya dirisha, macho yamevimba.

"Ni mimi," nikasema.

"Wewe nini?" Bibi akauliza.

Nikaeleza yote. Gunia, Kombo, adhuhuri, saa ya swala yake. Nilipofika hapo kwenye swala alifumba macho. Mama Wakesho hakunitazama usoni. Alitazama mikono yangu.

Kombo aliitwa. Alikuja na aproni yake, na alipokiona kitambaa miguu yake ilipunguza mwendo.

"Kombo," Bibi akasema, "kitambaa changu ulikizika wapi?"

"Kando ya ukuta, Bibi. Kwa mkono wangu huu."

"Mkono upi?"

"Huu."

"Nimemwosha marehemu mama yako kwa mikono yangu hii miwili. Nitazame useme tena."

Kombo alitazama chini. "Kilianguka, Bibi. Sikukiona tena. Nikaogopa."

"Na biriani yangu ukaila?"

"Niliila, Bibi."

Treni ya mizigo ilipita upande wa reli mpya, ikaisha. "Kumbe sijarogwa," akasema mwishowe. "Nimedanganywa tu." Alilisema kwa namna ambayo sikujua kama amefarijika au ameumia zaidi. Nadhani kurogwa kungekuwa na heshima yake.

"Na hizo zingine?" Mghoi akauliza. "Za mji mzima? Hizo tumeshakula?"

"Hujala nywele," Mama Wakesho akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kufungua kinywa. "Nywele zimeoza zikawa udongo, udongo ukawa mnavu. Ndiyo kazi ninayowafundisha kila Jumamosi. Mnadhani samadi ni nini? Maua?"

"Samadi ya mbuzi siijui jina lake, dada. Kombo namjua."

Hapo Bibi alicheka, kidogo, bila kutaka, na nadhani shamba lilipona pale. Lakini alipomaliza kucheka alimwita mkwewe, akamwagiza ndani. Mkwe akatoka na jamvi kubwa, lile la kukalia wageni wa harusi na matanga. Bibi akaamuru litandikwe getini.

"Sikilizeni. Simwamini huyu," akaninyooshea kidole. "Simwamini yule kinyozi. Wewe Mama Wakesho, Mungu anisamehe, nawe sikuamini sana. Kuanzia leo, chochote kinachoingia kiwanjani kwangu kitamwagwa hapa juu, peupe, nikitazama. Nisipokuwepo, atazame yeyote anayepita. Na nywele haziingii tena, ila mwenyewe azilete kwa mkono wake, aseme ni zake."

"Na kiwanja, Bibi?" Mama Wakesho akauliza.

"Msimu huu tu."

Kitambaa kilizikwa jioni hiyo na Bibi mwenyewe. Mahali hakutuambia.

Hilo ndilo jamvi. La kwanza lilichakaa, hili mnalotumia ni la tatu. Mwanzoni tulilionea haya. Fikirini mtu anapita njiani na kusimama kutazama umwagaji wa maganda ya viazi kana kwamba ni ngoma. Lakini waliposimama walitazama, na walipotazama waliuliza, na maneno ya maji ya mtaro yakaanza kukosa pa kukaa. Mghoi aliacha kuuza mboga za Bura. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alileta darasa lake zima kuona gunia linamwagwa, na wote wakataka kushika nondo. Nawaambia, hakuna somo la Jumamosi lililofanya kazi ya lile jamvi, na lilianzishwa na mtu aliyekuwa hatuamini. Mkilikunja kwa sababu mmechoka, mtakuwa mmelikunja, na mkiwaambia watu ni la usafi, mtakuwa mmelikunja hata likiwa bado limetandikwa.

Kuna jambo moja limebaki, na Mama Wakesho atalisoma hapa, basi na alisome. Jumatatu ile, tulipokuwa tunasimamisha tena magunia, aliniambia bila kugeuka: "Uzi wangu ulikuwa unafungwa na mtu wa kushoto."

Mimi natumia kushoto.

"Tangu lini umejua?" nikamuuliza.

"Wiki ya kwanza."

"Mbona hukuniuliza ninatia nini?"

Alikandamiza udongo kwenye gunia, akaongeza kokoto. "Mnavu ulikuwa umerudi rangi," akasema.

Miaka tisa imepita tangu siku hiyo na bado sijui alidhani ninatia nini. Labda alijua ni nywele. Labda alifunua akatazama, akafunga uzi kwa mkono wa kushoto ili nisigundue. Nimemfikiria kwa kila namna. Siku alipokuwa akimlaumu Mghoi mbele ya hewa, je, alikuwa akisema na mimi? Alikuwa akinipa muda wa kusema? Nimemuuliza mara mbili. Mara zote mbili amenitengenezea chai na kuikoroga kwa kile kijiko.

Nilikaa. Nililokuwa nakimbia kila mahali, kujulikana, hapa lilikuwa limeshatokea kwa njia mbaya kuliko zote, na hapakuwa na kingine cha kuogopa. Nilipindua malundo mpaka magoti yakaanza kulia. Mwaka huu daktari aliniambia nitafute kazi ya kukaa. Kazi ya kukaa siijui. Lakini miguu, licha ya magoti, imeanza kuwashwa na barabara tena. Dada yangu ana kipande cha shamba Bungoma na anasema atanipa kona. Nimemwambia aandae jamvi.

Leo asubuhi, kabla ya kuandika ukurasa huu wa mwisho hapa kituoni nikingoja gari, nilipita kwa Kombo akaninyoa. Nilikunja zangu kwenye karatasi kama kawaida. Kisha nikaenda shambani kuaga, begi mgongoni. Bibi Zuhura yuko palepale chini ya dirisha. Macho yake hayaoni vizuri sasa, anaona umbo na mwendo.

"Nani huyo anatoka?"

"Ni mimi, Wafula. Naenda kwetu, Bibi."

"Hatimaye umesema una kwenu." Alinyoosha fimbo kuelekea jamvi. "Fungua begi."

"Bibi, mimi natoka, siingii."

"Fungua."

Nilipiga goti, goti likalia, nikamwaga vitu vyangu vyote mbele yake. Suruali mbili, shati, kopo la mbegu za mgagani alizonipa Mama Wakesho, ile nondo ya kwanza, redio, kiberiti. Mama Wakesho alisimama nyuma ya kiti cha Bibi na kumtajia kimoja kimoja, bila haraka, bila kutabasamu. Akafika kwenye karatasi iliyokunjwa.

"Na kuna karatasi."

"Ya nini?" Bibi akauliza.

"Ni nywele," nikasema. "Ni zangu. Nimezileta kwa mkono wangu."

Katika miaka yote tisa hakuna mtu aliyekuwa amesema maneno hayo kwenye jamvi lile. Mama Wakesho alikwenda kwenye shimo, akafungua fundo la uzi, akainua mabati, akasimama pembeni akiyashikilia. Kiberiti kilikuwa hapo mbele yangu kati ya redio na shati. Nilikiacha. Niliifungua karatasi, nikazitandaza nywele nyembamba nyembamba juu ya majani, jinsi inavyotakiwa.

"Nimeona," Bibi akasema, ingawa najua hakuona.

Nilikusanya vitu vyangu nikavirudisha kwenye begi. Nilipofika barabarani nilimsikia akimwambia Mama Wakesho awaambie ninyi wanne kwamba ni msimu huu tu.